Kuunga na Kuungana: Juu ya Viungo vya Tovuti za Vyuo Vikuu

Neno kiungo lina kazi nyingi. Katika soko la Kariakoo ni bizari na iliki; kwa mzee wa Magomeni aliyeshikwa na baridi yabisi ni goti au kiwiko; na katika mambo ya intaneti ni alama impelekayo msomaji kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Maana hii ya tatu haina kosa. Kosa limo katika matumizi ya wale wanaohesabu viungo baina ya vyuo vikuu, kisha wakaiita hesabu hiyo umoja.

Mwaka 2003 Mike Thelwall na wenzake walichapisha uchunguzi wa tovuti za vyuo vikuu vya nchi 16 za Ulaya. Waliona kwamba Kiingereza ndicho kilichotawala, lakini pia kwamba nchi zenye lugha moja huelekezana, na kwamba Kiswidi kilikuwa na nafasi yake katika Skandinavia. Kazi hiyo ina thamani. Hata hivyo, anayetaka kuifuata ili apime umoja wa vyuo vya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, kwa sababu Kiswahili chajulikana kote huko, hana budi kujihadhari.

Sarufi yenyewe yaonya. Kiungo chatokana na kuunga. Muungano watokana na kuungana. Ukurasa wenye anwani ya .ac.tz waweza kuelekeza kwenye ule wa .ac.ke bila huo wa pili kujua wala kujibu. Hapo pana kuunga tu. Kiambishi -na, kidaicho pande mbili zitendane, hakijapatikana.

Kipimo bora chapatikana katika Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, kilichodumu toka 1963 hata 1970. Chuo cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kando ya Kariakoo, kilifundisha sheria kwa ajili ya nchi tatu. Na vijana wa Tanganyika nao walikwenda Makerere kusoma udaktari na Nairobi kusoma uhandisi. Kila upande ulitoa na kupokea.

Basi anayehesabu viungo vya leo na aulize mambo mawili zaidi: je, ukurasa ulioelekezwa nao waelekeza kurudi? Na msomaji akifika huko, asoma kwa lugha gani? Pasipo majibu hayo, idadi ya viungo yaonyesha nani amtaja nani. Haionyeshi kwamba wanashirikiana.