Mvua Inakuja: Wimbo, Hadithi na Sinema

Wanafunzi wengi hudhani kuwa uhakiki ni kazi ya kutafuta makosa, na kwamba mtu aliyependezwa na wimbo au hadithi imempasa kuuficha upendo wake kabla ya kushika kalamu. Sivyo. Aliyeipenda kazi ya sanaa ndiye mwenye sababu ya kuichungua, maana hakuna achunguaye jambo asilolijali. Hapa nataka tuangalie kazi tatu. Mbili zimezaliwa katika nchi ya ziwa, na ya tatu imeazima sauti yake kutoka huko.

Yafaa kwanza msomaji aijue mvua ya Kisumu. Mchana upepo hutoka ziwani kuelekea bara, ukapanda katika vilima vya Nyahera na Maseno na katika ukuta wa milima ya Nandi. Alasiri mawingu hukusanyika, na ngurumo husikika kabla tone la kwanza halijaanguka. Mkulima huifurahia. Lakini katika tambarare ya Kano, ambako mto Nyando hufurika na kuingia majumbani, mtu akisema “mvua inakuja” huenda ikawa anashukuru, na huenda ikawa anawahimiza watu wake wahame. Maneno ni yale yale. Tofauti ni mahali aliposimama msemaji.

Basi hiyo ndiyo maana ya jina la wimbo wa Kothbiro. Kwa Kijaluo koth ni mvua, na biro ni kuja. Mwimbaji wake, Ayub Ogada, aliitwa hapo awali Job Seda. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956, wazazi wake wakiwa wanamuziki, na utotoni alikaa nao kwa muda huko Marekani. Katika miaka ya 1970 alikuwa kijana wa kundi la Black Savage mjini Nairobi, na humo ndimo yeye na mwenziwe Mbarak Achieng walimoutunga wimbo huu, ukarekodiwa kwanza kwa vyombo vya bendi. Baadaye akaishika nyatiti, kinanda cha Wajaluo chenye nyuzi nane, ambacho mpigaji wake huketi chini, pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu ikigonga mbao na njuga zikilia. Mwaka 1986 alikwenda Uingereza, akawa akipiga katika vituo vya treni za chini ya ardhi mjini London, abiria wakipita mbio kwenda kazini. Mwaka 1993 ikatoka santuri yake En Mana Kuoyo, yaani “ni mchanga tu”, na ndani yake Kothbiro ikaimbwa upya kwa nyatiti.

Maneno ya wimbo ni machache mno. Mtu anawaambia watoto kwamba mvua inakuja, warudishe ng’ombe nyumbani. Hapana habari nyingine. Hapana sifa za mtu mkubwa, wala mithali, wala kisa. Wazee waliozoea nyatiti ya kale wana haki ya kunung’unika hapa, maana mpigaji wa nyatiti katika matanga au karamu alikuwa bingwa wa maneno: alimsifu mwenyeji, alimchokoza mgeni, alitaja ukoo hadi babu wa saba, na watu wakatoa fedha huku wakicheka. Ogada ameyaacha hayo yote. Naona amepoteza kitu cha thamani. Nisingependa kijana asikie Kothbiro akadhani kuwa ndiyo nyatiti yote. Walakini kwa kuyapunguza maneno amelifanya kila moja kuwa zito. Nyuzi zinarudi pale pale kwa utulivu, sauti inapanda bila kupiga kelele, nasi tunamsikia mtu anayependa kwa namna wapendavyo watu wa kazi: hasemi “nawapenda”, anasema “rudini, kunakaribia kunyesha”.

Sasa tuitazame hadithi. Grace Ogot, aliyezaliwa Asembo mwaka 1930 na kufariki mwaka 2015, aliandika hadithi fupi The Rain Came, iliyomo katika kitabu chake Land Without Thunder cha mwaka 1968. Nchi imekauka. Mganga Ndithi anatangaza kuwa mvua haitanyesha mpaka Oganda, binti wa pekee wa mtawala Labong’o, atolewe kwa zimwi la ziwani. Oganda anaona wazee wakinong’ona, akadhani wanampangia ndoa. Watu wanamsherehekea, ngoma zinapigwa, anasifiwa kwa bahati ya kufa kwa ajili ya kabila lake. Hapo ndipo ninaposimama kila nisomapo, maana mwandishi ametuonyesha sanaa ikitumiwa kuuvika ukatili nguo ya harusi. Nyimbo ni nzuri, tena zinamsindikiza msichana majini. Katika umati wote huo anayempenda kwa kitendo ni mmoja, Osinda, ambaye anamfuata hadi ufuoni, anamficha kwa vazi la majani, wakakimbia pamoja. Ndipo mvua inanyesha.

Inanyesha, ingawa zimwi halikupewa kitu! Mwandishi hatoi hata sentensi moja ya kueleza. Wasomaji wengine wanauona mwisho huo kuwa ni ulegevu, kana kwamba amekwepa swali. Mimi nauona kuwa ndio ushujaa wa hadithi. Ama mvua ilikuwa njiani siku zote, na msichana angalikufa bure. Ama iko nguvu iliyopendezwa na Osinda kuliko mganga. Kila jibu linawaaibisha waliocheza ngoma.

Kazi ya tatu ni sinema. Mwaka 1985, katika picha ya Out of Africa, Ogada alionekana kwa jina la Job Seda, akiwa Kanuthia, mtumishi wa mwindaji Mwingereza. Ilikuwa nafasi ndogo. Miaka 20 baadaye, mwaka 2005, Mbrazili Fernando Meirelles alitoa The Constant Gardener, iliyotokana na riwaya ya John le Carré, na sehemu zake zikapigwa Kibera na Turkana. Kwanza sinema ilitaka uso wake usimame nyuma ya Mzungu. Sasa ilitaka sauti yake. Hadithi yenyewe ni ya mwanadiplomasia wa Kiingereza anayetafuta sababu ya kuuawa kwa mkewe, na Kothbiro inatumika kubeba huzuni yake. Inaibeba vizuri, sikatai. Aliyeuchagua wimbo ule alikuwa na masikio. Ila mtazamaji asiyejua Kijaluo hutoka akiamini kuwa amesikia maombolezo, kumbe amesikia watoto wakiitwa nyumbani. Sinema imechukua onyo la mtu aliye hai ikalifanya kilio cha maiti, na ubaya wake ni kwamba Wakenya wa mijini nao wameanza kulisikia hivyo hivyo.

Jioni moja chuoni kwetu tulikaa walimu wanafunzi kadha wa kadha tukiusikiliza wimbo huu mara tatu mfululizo. Mwenzetu kutoka Mombasa alisema unamkumbusha mazishi. Mwingine, mzaliwa wa Ahero, akacheka, akasema kwao sauti ile ni ya mama anayehesabu watoto wake huku akitazama mawingu ya Nandi, akijua mto utakuwa wapi usiku. Mimi peke yangu nisingalilifikia neno hilo kwa kusoma mwaka mzima. Tangu hapo huwaambia wanafunzi wasisikilize wimbo kila mtu na spika zake masikioni, bali waketi wanne au watano wabishane. Wasome kwanza hadithi ya Ogot kwa sauti, kisha wausikilize wimbo, na sinema iwe ya mwisho.

Ogada alirudi nchini kwake akaishi Nyahera, akafariki huko mwezi wa Februari 2019. Mwaka mmoja kabla ya hapo Kanye West alikuwa ameutumia wimbo ule wa zamani wa Black Savage katika wimbo wake Yikes, safari hii bila ng’ombe na bila watoto. Darasani kwetu bado hatujakubaliana ni nani anayeita katika Kothbiro. Wavulana husema ni baba aliyesimama langoni mwa zizi. Wasichana, karibu wote, husema ni mama.