Mwanafunzi Asiyekuwapo Darasani: Suala la Utunzi katika Albamu ya Lauryn Hill

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi simulizi umezoea kuuliza kazi inasema nini na inasemaje. Swali la tatu, yaani ni nani hasa aliyeisema, aghalabu huachwa kando kwa kudhani kwamba kazi simulizi ni mali ya jamii nzima. Dhana hiyo haitoshi pale sauti inaponaswa katika santuri, ikatiwa jina juu ya jalada na kuuzwa madukani. Hapo jina huwa haki, na haki huwa fedha.

The Miseducation of Lauryn Hill, albamu iliyotolewa nchini Marekani tarehe 25 Agosti 1998, ni mfano unaolidhihirisha tatizo hili. Makala haya yanachunguza jinsi msanii huyo alivyopata umaarufu, jinsi albamu yake ilivyoundwa, na ni kwa maana gani inaweza kuitwa kazi yake. Hoja inayotetewa ni kwamba Hill ndiye mtunzi wa albamu hii kwa sababu ya umbo aliloipa, wala si kwa sababu alifanya kila kitu peke yake. Na kwamba albamu yenyewe inalithibitisha jambo hili vizuri zaidi kuliko maandishi ya jalada lake.

Kupanda kwa msanii

Lauryn Hill alizaliwa mwaka 1975 katika jimbo la New Jersey, akakulia South Orange, mji ulio karibu na Newark. Alipokuwa na umri wa miaka 13 alipanda jukwaa la Apollo, Harlem, katika mashindano ya waimbaji chipukizi. Hadhira ilimzomea mwanzoni, lakini akaumaliza wimbo wake. Akiwa angali mwanafunzi wa sekondari aliungana na Pras Michel na Wyclef Jean katika kundi lililokuja kuitwa Fugees. Jina hilo limekatwa kutoka neno lenye maana ya wakimbizi, ambalo lilitumiwa kuwadhihaki wahamiaji kutoka Haiti. Jean alizaliwa huko, na wazazi wa Michel ni wenyeji wa huko. Tangu mapema, basi, Hill alishiriki katika sanaa iliyoligeuza tusi kuwa jina la fahari.

Albamu ya kwanza ya kundi, iliyotoka mwaka 1994, haikuvuma. Ya pili, The Score ya mwaka 1996, ilishika nafasi ya kwanza Marekani na kuenea duniani. Wimbo uliosikika zaidi katika albamu hiyo ni "Killing Me Softly", ambao Roberta Flack alikwisha kuuvumisha tangu mwaka 1973. Hapa ndipo tatizo la utunzi linapochomoza. Hill alikuwa mghani hodari wa beti zake mwenyewe, lakini kilichompa umaarufu mkubwa ni sauti yake ikiimba maneno ya watu wengine, katikati ya wanaume wawili. Msikilizaji aliweza kuisifu koo na kuisahau akili. Hali hii haikumpata yeye tu: mwanamke katika sanaa hupewa upesi sifa ya sauti, ilhali sifa ya utunzi huombwa ushahidi. Hata wimbo "A Rose Is Still a Rose", ambao Hill alimtungia na kumtayarishia Aretha Franklin, na ambao ulitoka mapema mwaka 1998, haukuliondoa swali hilo.

Uundaji wa albamu

Kazi ya kurekodi ilianza mwishoni mwa mwaka 1997, miezi michache baada ya Hill kujifungua mtoto wake wa kwanza, ikaendelea hadi katikati ya mwaka 1998. Sehemu yake ilifanyika katika studio ya Chung King, New York, na nyingine katika studio ya Tuff Gong, Kingston, iliyoasisiwa na Bob Marley. Baba wa mtoto huyo, Rohan Marley, ni mwana wa Bob. Wakati ambapo watayarishaji wengi wa rapu walitegemea mashine na vipande vilivyokatwa kutoka santuri za zamani, albamu hii ilivichanganya vipande hivyo na ala zilizopigwa na wanamuziki wenyewe studioni. Carlos Santana alipiga gitaa katika "To Zion", Mary J. Blige na D'Angelo waliimba naye. Na piano ya "Everything Is Everything" ilipigwa na kijana ambaye baadaye alijulikana kwa jina la John Legend.

Ni wazi, basi, kwamba mikono ilikuwa mingi. Linalobaki ni kuuliza iwapo katika wingi huo kuna mpango mmoja.

Fani: darasa kama kiunzi

Jina la albamu linarejelea kitabu cha mwanahistoria Carter G. Woodson cha mwaka 1933, The Mis-Education of the Negro, kilichodai kwamba shule zilimfundisha Mmarekani mweusi kujidharau. Hill ameliondoa jina la umma mzima na kuliweka lake mwenyewe. Badiliko hilo dogo ndilo ufunguo wa kazi nzima: historia ya watu inachunguzwa ndani ya nafsi moja.

Albamu inafunguliwa kwa kengele ya shule. Mwalimu anaita majina na watoto wanaitika mmoja mmoja. Linapoitwa jina la Lauryn Hill, hakuna anayeitika. Baadaye, baina ya nyimbo, tunarudishwa darasani, ambako mwalimu anawauliza wanafunzi maana ya mapenzi nao wanabishana kwa lugha yao ya kila siku. Sauti ya mwalimu ni ya Ras Baraka, mshairi na mwalimu wa Newark, ambaye mwaka 2014 alichaguliwa kuwa meya wa mji huo.

Vipande hivi si mapambo. Kwanza, vinazifanya nyimbo zilizo mbalimbali ziwe majibu ya swali moja. Pili, vinaleta kinaya: mwanafunzi aliyekosa somo la mapenzi ndiye anayeimba juu ya mapenzi, kwa kuwa amefundishwa na maumivu nje ya darasa. Watoto wanayo maneno bila tajiriba. Yeye anayo tajiriba na anatafuta maneno. Kiunzi hiki kikiondolewa, zitabaki nyimbo nzuri, lakini hakutabaki hoja.

Mpango huo unaonekana pia katika mgawanyo wa kughani na kuimba. Kwa kiasi kikubwa Hill hughani anapokabiliana na mpinzani au umma, kama katika "Lost Ones" na "Final Hour", na huimba anaposema na mtu mmoja au na nafsi yake, kama katika "Ex-Factor". "Doo Wop (That Thing)" unaziunganisha njia zote mbili kwa sababu ni mawaidha kwa umma yanayotoka kwa mtu anayekiri kuwa naye amekosea. Anayetafuta ushahidi wa akili moja inayopanga ataupata katika mambo haya.

Maudhui: nguvu na udhaifu

Dhamira yenye uzito zaidi imo katika "To Zion". Nafsineni inaeleza jinsi ilivyoshauriwa kuitanguliza kazi ya sanaa mbele ya ujauzito, na jinsi ilivyokataa. Wimbo hauwahukumu wanawake walioamua vingine. Unaudai uamuzi uwe wa mhusika mwenyewe. Katika sanaa ambayo wakati huo ilimtaja mwanamke zaidi kama kitu cha kutamaniwa, kuufanya uzazi kuwa kiini cha albamu lilikuwa jambo la ujasiri.

"Doo Wop" hauna uthabiti huo. Ubeti wa kwanza unawaonya wanawake na wa pili unawaonya wanaume, na usawa wa umbo unadokeza usawa wa lawama. Hata hivyo, mwanamke analaumiwa mpaka kwa nywele na kucha za bandia, mambo ya pambo, ilhali mwanamume analaumiwa kwa kutowatunza watoto wake, jambo la wajibu. Makosa haya hayana uzito mmoja, na kuyaweka katika mizani moja ni kasoro ya fikra ambayo utamu wa kibwagizo hauifichi.

Kesi na swali la jina

Albamu iliuza zaidi ya nakala 422,000 katika wiki ya kwanza. Mnamo Februari 1999 Hill alipata tuzo 5 za Grammy, ikiwamo ya albamu bora ya mwaka, ambayo haikuwahi kutolewa kwa albamu ya rapu. Lakini tangu Novemba 1998 wanamuziki wanne wa kundi la New Ark walikuwa wamekwisha kufungua kesi, wakidai kwamba mchango wao katika utunzi na utayarishaji haukutambuliwa ipasavyo. Shauri hilo lilimalizwa kwa mapatano nje ya mahakama mwaka 2001.

Kuna makosa mawili ya kuepukwa hapa. La kwanza ni kuichukua kesi kuwa uthibitisho kwamba mwanamke huyu hakuwa mtunzi. Mapatano si hukumu, na kiunzi kilichoelezwa hapo juu hakielezeki bila akili iliyokiwaza. Wengine huongeza kwamba tangu hapo Hill hajatoa albamu nyingine ya studio. Lakini ukimya wa baadaye hauwezi kuifuta kazi iliyokwisha kufanyika.

Kosa la pili ni kuwapuuza wanne hao ili kulinda heshima ya mwanamke mmoja. Jalada lilimtaja Hill kuwa ndiye aliyetunga, kupanga na kutayarisha, na ni rahisi kuona kwa nini: aliyenyimwa sifa ya utunzi huidai yote. Lakini dai hilo linapingana na kazi yenyewe. Albamu inayosema kwamba mtu hufundwa na mtaa, watoto, wapenzi na wazee haiwezi kudai kwamba ilijiumba. Wataalamu wa taarabu ya pwani wanajua kwamba mtunzi wa maneno, mpiga ala na mwimbaji aghalabu ni watu mbalimbali, na kwamba jina la mwimbaji ndilo linalobaki vinywani mwa watu. Kuwatambua wengine hakumpunguzii mwimbaji hadhi. Kusiwatambue, huwapunguzia wao riziki.

Ushahidi mwingine unatoka kwa Hill mwenyewe. Mwaka 2002 ilitoka MTV Unplugged No. 2.0, iliyorekodiwa mbele ya hadhira, yeye akiwa na gitaa lake tu. Huko alikuwa peke yake kweli. Kazi hiyo ina ukweli unaogusa, lakini haina kiunzi, wala mabadiliko ya sauti, wala majibizano. Ikilinganishwa na ile ya mwaka 1998, inaonyesha kile ambacho mikono ya wengine iliongeza.

Hitimisho

Albamu hii imekwisha kuingia katika kumbukumbu rasmi. Mwaka 2015 ilitangazwa kuwa miongoni mwa rekodi zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani, na mwaka 2021 ilithibitishwa kuwa imefikia kiwango cha nakala milioni 10 nchini humo. Mhakiki wa ushairi wa kughani anaweza kujifunza kwayo kutofautisha mtunzi kama mwenye mpango na mtunzi kama mwenye mikono yote. Kwa maana ya kwanza, Lauryn Hill ni mtunzi kamili, na atakayemnyima jina hilo sharti aeleze ni nani mwingine aliyeliacha tupu dawati lile darasani. Kwa maana ya pili, majina yaliyopaswa kuitwa yalikuwa mengi, na wenyewe, tofauti na mwanafunzi yule, walikuwapo.