Kiti cha mtoto wa yule mama

Ndugu zangu wenye diplome, na ninyi wadogo ambao mungali kwenye auditoire, leo ninataka tuchambue hotuba moja. Siyo mpya, ni ya Juni 2012. Lakini kila mara mtu akituambia kwamba kozi za intaneti zitafungulia maskini mlango wa chuo kikuu, mawazo yake yametoka humo, hata kama yeye mwenyewe hajui. Ni hotuba ambayo Daphne Koller, profesa wa Stanford, aliitoa kwenye jukwaa la TED, mwaka ule ule alipoanzisha Coursera pamoja na mwenzake Andrew Ng. Nimeisikiliza zaidi ya mara moja. Ni hotuba nzuri, na ndiyo sababu inastahili kupingwa vizuri.

Mapema kabisa Koller anatupeleka Afrika. Anasimulia Januari 2012, Chuo Kikuu cha Johannesburg: nafasi chache zimebaki, maelfu ya watu wako kwenye foleni nje ya lango. Lango linafunguliwa, watu wanasukumana, wengine wanaumia, na mwanamke mmoja anakufa. Alikuwa mama, alikuja kumtafutia mtoto wake nafasi ya kusoma. Habari hiyo ni ya kweli. Kisha Koller anasema kwamba masomo bora yakiwekwa kwenye intaneti, mtu yeyote, popote alipo, atayapata bila foleni.

Hapo ndipo ninamkamata. Mtu akimleta mama yule, basi tumpime kwa mama yule. Swali la kuiuliza hotuba nzima ni moja tu: je, mtoto wake alipata kiti?

Kwanza tuseme yaliyo mazuri. Koller anaeleza kwamba video inaweza kusimamishwa na kurudiwa, kwamba somo linakatwa vipande vifupi, na kwamba maswali yanakuja papo hapo ili ujue kama umeelewa. Kwa sisi ambao tulisoma mu auditoire iliyojaa mpaka dirishani, profesa bila mikro, na silabusi ya kununua kabla ya mtihani, haya siyo mambo madogo. Profesa wetu hakuwa na kitufe cha kumrudisha nyuma! Mwanafunzi aliyekosa somo la takwimu kwa sababu ya ugonjwa, leo anaweza kulipata tena usiku, kama iko na umeme na mega. Faida hiyo ninaikubali bila kinyongo.

Shida inaanza na hesabu ya watu. Koller anataja wanafunzi 640,000 kutoka nchi 190, na ukumbi unashangaa. Lakini nchi 190 siyo jibu la nani anasoma. Ndani ya nchi kuna mtoto wa mkurugenzi na kuna mtoto wa muuza makala. Mwaka 2013, Ezekiel Emanuel alichapisha katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi wa kozi ambazo Chuo Kikuu cha Pennsylvania kiliweka kwenye Coursera. Zaidi ya 80 kwa 100 ya waliojibu walikuwa tayari na diploma ya masomo ya juu. Na kwa Brazili, China, India, Urusi na Afrika Kusini, karibu 80 kwa 100 walitoka katika lile tabaka dogo la 6 kwa 100, matajiri na wasomi kuliko wote. Soma tena orodha ile: Afrika Kusini imo. Ni nchi ya yule mama. Kiti kilifika nchini kwake kweli, lakini kilikaliwa na mtu ambaye hakuwa kwenye foleni.

Ao tuangalie wanaofika mwisho. Mwaka 2019, Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha katika jarida la Science hesabu ya miaka sita ya kozi za Harvard na MIT kwenye edX. Katika mwaka wa mwisho wa hesabu hiyo, waliomaliza walikuwa karibu 3 kwa kila 100 waliojiandikisha. Wengine watasema vijana ni wavivu. Siyo sawa. Wengi waliingia kuangalia tu, na mlango usio na bei unaingiwa na kutokwa bila hasara. Lakini kwa mtu ambaye hana mlango mwingine, 3 kwa 100 ni foleni ingine, tofauti ni kwamba hii haina kelele.

Sasa tufike kwenye moyo wa hotuba, na hapa ndipo ninaona kosa lake kubwa. Koller mwenyewe anamtaja Benjamin Bloom, ambaye mwaka 1984 alilinganisha darasa la kawaida na mwanafunzi anayefuatwa na mwalimu wake peke yake. Huyu wa pili alishinda kwa mbali sana. Watafiti wa baadaye walikuta faida ndogo kuliko ile ya Bloom, lakini faida ipo. Koller anafanya nini na habari hiyo? Anasema jamii haina uwezo wa kumpa kila mwanafunzi mwalimu wake, lakini labda tunaweza kumpa kompyuta ao simu. Kwa sentensi moja mwalimu ametoka, mashine imeingia, na hotuba inaendelea. Ukiisikiliza haraka hauoni. Dawa aliyoonyesha ni mtu. Dawa aliyouza ni video.

Mwaka uliofuata dawa ile ilijaribiwa kwa wanyonge. Udacity, kampuni ingine ya namna hiyo, ilifanya kozi za hesabu pamoja na Chuo Kikuu cha San José huko California, na wengi kati ya wanafunzi walikuwa wale ambao shule iliwashinda mbele. Waliofaulu walikuwa wachache kuliko darasani, na Julai 2013 jaribio lilisimamishwa. Video zilikuwa za namna ile ile inayowafaa wahandisi wenye diploma mbili. Kwa mwanafunzi ambaye hana msingi, hazikutosha.

Je, kuna mahali ambapo imewezekana? Iko, na iko karibu yetu. Kiziba, kule Rwanda juu ya ziwa Kivu, ilifunguliwa mwaka 1996 kuwa kambi ya wakimbizi wa Congo. Mwaka 2015 shirika la Kepler lilifungua humo masomo ya digrii ya Southern New Hampshire University ya Marekani. Kazi zilitumwa na kusahihishwa kwa intaneti. Lakini angalia kile kilichowekwa kando ya intaneti: chumba, umeme, kompyuta, Kiingereza kwanza, na walimu waliokaa na wanafunzi na kujua majina yao. Na mwisho ilikuwa digrii kamili, siyo karatasi ya kuhudhuria. Nafasi zilikuwa chache, ndiyo, na hilo lilikuwa kilio chake. Lakini wale waliokaa kwenye kiti walikuwa watoto wa foleni kweli.

Juu ya nini ninayaandika haya hapa kwetu? Kwa sababu sisi, watu wa ukurasa huu, ndio wale 80 kwa 100. Mimi niko na vyeti viwili vya namna ile, na vimenisaidia, kwa sababu nilikuwa tayari na licence, na Kiingereza cha kujitegemea, na mshahara wa kununua mega. Mdogo wetu aliyekosa minervali hana kimoja kati ya hivyo vitatu. Kumwambia "ingia tu kwenye intaneti, ni ya bure" ni kurudia hotuba ya Koller bila makofi. Bure ni video. Mega siyo bure, lugha siyo bure, na karatasi inayokubalika kazini siyo bure hata kidogo.

Hukumu yangu ni hii: hotuba iliona jeraha sawasawa, ikakosea kinachopungua. Masomo hayapungui tena, yamejaa kila mahali. Kinachopungua ni mtu wa kukuuliza Jumamosi, "umefika wapi, na umekwama wapi?" Na mtu huyo Coursera haiwezi kumtuma Bukavu ao Lubumbashi. Sisi tuko huku tayari. Chumba kimoja, video zilizopakuliwa usiku mega zikiwa na bei nafuu, wadogo watano, saa mbili kwa juma. Haitatoa digrii, hilo tusidanganyane. Lakini mwenye kujiandaa hivyo, siku lango likifunguliwa, ataingia akitembea.