Nta, maji na kihifadhi: malhamu ya Tabora mezani

Malhamu ya nta ina vitu viwili tu, nta na mafuta, kwa hiyo hakuna kipodozi cha nyumbani kilicho rahisi kuchambua kuliko hicho. Ikikataa kuganda, tatizo ni kipimo. Ikinuka, tatizo ni mafuta. Ikiota ukungu, basi maji yameingia mahali fulani, na hapo ndipo penye kiini cha mjadala wote wa asili na kemikali. Wauzaji wengi huanza kwa kutangaza upande: bidhaa yangu ni ya asili, haina kemikali. Swali la kwanza la fundi linapaswa kuwa jingine: bidhaa yako ina maji au haina?

Nimeichukua malhamu ya Tabora kwa sababu nta ni mali ya kule. Tura ipo Wilaya ya Uyui, ni stesheni ya reli ya kati kabla hujafika Malongwe na Goweko ukitokea Manyoni. Msafara wa wapelelezi Burton na Speke ulipotoka kwenye pori la Mgunda Mkali mwaka 1857, hapa ndipo ulipoingia Unyamwezi. Wapagazi walibeba pembe za ndovu, lakini pori lile lile la miombo lilikuwa limejaa mizinga ya magome iliyotundikwa mitini, na asali yake ililiwa na kupikiwa pombe. Nta ilikuja kuwa bidhaa kubwa ya kupeleka nje wakati wa Wajerumani, na reli ilipofika Tabora mwaka 1912 mzigo huo haukuhitaji tena kichwa cha mtu.

Nyuki kibarua hutoa nta kupitia tezi nane zilizo chini ya tumbo lake. Sehemu kubwa ya nta hiyo ni esta, yaani asidi za mafuta zilizounganishwa na alkoholi ndefu, na huyeyuka kati ya nyuzijoto 62 na 64 za Selsiasi. Kiwango hicho ndicho kinachoifanya ifae nchi yenye joto, kwa kuwa malhamu iliyopikwa vizuri haitageuka mchuzi ndani ya basi la mchana wa Oktoba.

Kuichuja si kazi ngumu, ila ina masharti. Masega yaliyokamuliwa asali hufungwa kwenye kitambaa au gunia safi na kuchemshwa taratibu ndani ya maji. Nta hupenya kwenye kitambaa, hupanda juu, na maji yakipoa huganda kama sahani. Maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima cha chumvi, kwa sababu madini ya maji magumu hushikana na asidi za nta na kuifanya iwe na povu na mashapo. Karai la chuma cha kawaida huitia nta weusi, na chombo cha shaba huitia ukijani. Tumia sufuria ya aluminiamu au ya chuma kisichoshika kutu. Ukinunua nta sokoni, ivunje ikiwa baridi: iliyo halisi hukatika kwa chembechembe, bila mng'ao. Iliyochanganywa na parafini ya mishumaa huteleza vidoleni namna nyingine, na mkono uliozoea hutambua.

Tabora ni mkoa wa asali, na pia ni mkoa wa tumbaku. Tumbaku hunyunyiziwa viuatilifu, na vingi kati ya hivyo huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Nta ni mafuta magumu, kwa hiyo huvinywa na kukaa navyo kwa muda mrefu kuliko asali. Sega la pori la ndani na sega la mzinga uliotundikwa pembeni ya shamba la tumbaku yote mawili ni nta ya asili, na hakuna atakayeyatofautisha kwa macho. Anayetaka kupika malhamu ya mtoto mchanga na amuulize mfugaji mzinga wake ulikuwa wapi. Swali hilo lina thamani kuliko neno "asili" lililochapishwa kwenye kopo.

Sasa mapishi. Kwa joto la Tabora, gramu 100 za nta kwa gramu 400 za mafuta hutoa malhamu inayoshika umbo na bado inapakika. Nyanda za juu, kama Njombe, punguza nta, la sivyo itakuwa ngumu kama mshumaa. Weka chombo cha nta ndani ya sufuria yenye maji ya moto, usikiweke moja kwa moja juu ya mkaa. Nta ikishayeyuka mimina mafuta. Mchanganyiko utaganda kidogo kwa kushtuka. Endelea kupasha mpaka uwe wazi kabisa, kisha mimina kwenye makopo yaliyokauka. Tone moja la maji likibaki chini ya kopo linatosha kuanzisha koloni la kuvu.

Uchaguzi wa mafuta ndio unaoamua ngozi itapata nini. Alizeti kutoka Singida jirani ina asidi ya linoleiki kwa wingi, na hiyo ni malighafi ambayo ngozi huitumia kujenga ukuta wake wa kuzuia maji yasipotee. Mafuta ya zeituni, ambayo dukani hugharimu mara kadhaa zaidi, yana asidi ya oleiki kwa wingi, na utafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba yalidhoofisha ukuta huo kwa watu wazima waliopakwa kwa wiki kadhaa, wakati alizeti iliuacha salama. Mafuta ya nazi ni mazuri, ila huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 au 25, kwa hiyo usiyategemee yaongeze ugumu. Mise ya Kigoma, yaani mafuta ya kokwa za mchikichi, ni jamaa yake wa karibu. Karanga hupatikana kila kijiji cha Unyamwezi, lakini wapo wenye mzio nazo, na mteja lazima ajue. Udhaifu wa alizeti ni kwamba huharibika upesi inapokutana na hewa na mwanga. Matone machache ya vitamini E huchelewesha hali hiyo.

Vitamini E huyalinda mafuta dhidi ya oksijeni. Haiui bakteria wala kuvu. Wajasiriamali wengi wanaofundishana kutengeneza krimu huiita kihifadhi, na kosa hilo hurithishwa darasa hadi darasa. Ndani ya malhamu kavu halina madhara. Ndani ya krimu yenye maji ni hatari.

Maana mteja hupenda krimu. Malhamu inang'aa, inashika vumbi, inaacha alama kwenye kola ya shati. Krimu ni laini na hunywewa na ngozi. Kwa hiyo mtengenezaji anaongeza maji ya waridi, jeli ya mshubiri, wakati mwingine asali. Asali haiyeyuki kwenye mafuta; huzama chini ya kopo na kukaa huko ikisubiri unyevu. Ikiwa peke yake haiozi, kwa sababu maji yake hayafiki asilimia 20 na sukari imeyashikilia, ila ukiichanganya na maji ulinzi huo unapotea. Jeli ya mshubiri karibu yote ni maji, pamoja na sukari ambazo vijidudu huzipenda.

Tatizo la kuunganisha mafuta na maji ni la kale. Galeni, tabibu wa Pergamo wa karne ya 2, alichanganya nta, mafuta ya zeituni na maji ya waridi, na maji yale hayakuwa na cha kuyashikilia, yakawa yanajitenga na kugeuka mvuke, yakiiachia ngozi ubaridi. Karne nyingi baadaye watu waligundua kwamba boraksi kidogo hushikana na asidi za nta na kutengeneza aina ya sabuni inayoyaunganisha mawili hayo. Mapishi mengi ya "krimu ya asili ya nta" bado yanaielekeza. Boraksi ni ya asili kweli, huchimbwa ardhini Uturuki na California. Vilevile Umoja wa Ulaya umeiweka kwenye kundi la kemikali zinazoweza kudhuru uzazi. Nta ya kiwandani ya kuunganishia krimu, inayotengenezwa kwa alkoholi za mafuta, haina sifa hiyo, nami ningeichagua kwa krimu ya familia yangu bila kusita.

Kisha kihifadhi. Krimu yenye maji isiyo na kihifadhi inaweza kuonekana nzuri, kunukia vizuri, na tayari ikawa na bakteria wengi kupita kiasi, kwa sababu ukungu unaoonekana ni hatua ya mwisho ya kuharibika. Mwenye ngozi iliyochubuka, mtoto mwenye pumu ya ngozi, mama aliyetoka kujifungua kwa upasuaji, hao ndio wanaolipa. Fenoksiethanoli hutumika isizidi asilimia 1. Sodiamu benzoeti hufanya kazi pale tu krimu ikiwa na uchachu wa kutosha, chini ya pH 5 hivi. Ukiiweka kwenye krimu yenye boraksi, ambayo ni ya upande wa magadi, umepoteza fedha yako. Asidi ya benzoiki yenyewe, ambayo sodiamu benzoeti ni chumvi yake, imo ndani ya mdalasini na karafuu. Iliyotoka kiwandani na iliyotoka kwenye karafuu ni molekyuli ile ile. Kinachopambanua dawa na sumu ni kiasi. Asilimia 1 ya gramu 100 ni gramu 1, na kijiko cha chai hakiwezi kukuambia umeweka 1 au 3. Mizani ndogo kama ya sonara ni kifaa cha lazima kuliko mashine ya kukoroga.

Wapo wanaokwepa yote haya kwa kununua dondoo ya mbegu za balungi, kihifadhi kinachouzwa kama cha asili. Mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani walipima dondoo sita za namna hiyo. Tano kati yake zilikuwa na benzethoniamu kloridi, kiua-vijidudu cha kutengenezwa, na hizo ndizo zilizoua bakteria. Ile ya sita, isiyo na kihifadhi cha kiwandani, haikuua kitu. Mnunuzi alilipia jina la tunda na kupewa kemikali ambayo hakuambiwa, kwa kiasi ambacho hakuambiwa. Hilo linanikera kuliko kemikali yoyote iliyoandikwa wazi kwenye kopo.

Mafuta ya mgando nayo hayastahili kudharauliwa na wapenda asili. Robert Chesebrough aliyasajili nchini Marekani mwaka 1872, yakitokana na mabaki ya visima vya petroli. Yakisafishwa vizuri hayaozi, mzio wake ni nadra sana, na hakuna mafuta ya mmea yanayozuia maji ya ngozi kutoroka kwa kiwango chake. Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka hospitali ya watoto ya Dhaka, Bangladesh, ambako watoto njiti walipakwa ama mafuta ya alizeti, ama Aquaphor, malhamu inayotokana na mafuta ya mgando. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba vifo vilipungua kwa asilimia 26 kwa waliopakwa alizeti na asilimia 32 kwa waliopakwa ile ya petroli, wakilinganishwa na wasiopakwa. Mmea na kisima cha mafuta vilikaribiana, kwa sababu vyote viwili viliziba ngozi iliyokuwa haijakomaa. Kwa mama wa Tura anayenunua alizeti ya kupikia kwa bei ya kijijini, hiyo ni habari njema.

Mkorogo nao ni kipodozi cha nyumbani, ingawa wapenda asili hawapendi kuuweka meza moja na malhamu. Anayetaka kung'arisha ngozi huchukua krimu mbili tatu zenye haidrokwinoni au steroidi kali kama klobetasoli, anazichanganya bila kipimo na kujipaka mwili mzima. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Zebaki ni elementi, hakuna aliyeitengeneza. Wachimbaji wadogo wa Nzega, mkoa huo huo wa Tabora, huitumia kunasia dhahabu. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka kikomo cha miligramu 1 ya zebaki kwa kilo ya kipodozi, kwa kuwa hupenya ngozi na kuharibu figo. Ndimu, inayopendekezwa kama mbadala wa asili wa mkorogo, ina uchachu mkali sana kwa ngozi, na maji yake yakipigwa na jua juu ya ngozi huunguza na kuacha madoa meusi kwa wiki au miezi. Aliyetaka uso mweupe hupata uso wenye mabaka.

Jua ndilo linaloifikisha malhamu ya nta kwenye mpaka wake. Hakuna nta, nazi wala alizeti inayokinga miale ya jua kwa kiasi cha kumtosha mtu mwenye ualbino, na Tanzania, ambako inakadiriwa mtu 1 kati ya 1,400 huzaliwa na hali hiyo, saratani ya ngozi huwapata wengi wakiwa bado vijana. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda, RDTC, kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kilianza kutengeneza krimu ya Kilisun chini ya mfamasia Mafalda Soto Valdés, kwa malighafi za kukinga jua kutoka kampuni ya BASF. Ni krimu ya nchini, iliyopikwa na mikono ya nchini, ikapimwa kwenye ngozi za wenyewe, na kinachookoa maisha ndani yake ni vichujio vya maabara. Malhamu ya Tabora inaweza kupakwa usiku, juu ya midomo iliyopasuka na visigino vilivyokauka, na itafanya kazi vizuri. Asubuhi mtoto mwenye ualbino anahitaji kofia pana, mikono mirefu na krimu ya kukinga jua, na muuzaji wa malhamu akiulizwa na mama yake inampasa aseme hivyo kabla ya kupokea fedha.