Simba Aliyepinda
Sarafu za Kenya za Desemba 2018 zina wanyama, maana Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote. Ya shilingi 10 ina simba. Kama sanaa, naiona safi mno: simba wote ni yuleyule. Ndiyo maana chapa iliyokaa upande, au mstari mwembamba ulioachwa na muhuri uliopasuka, hunivutia. Simba mmoja amejitenga na wenzake. Lakini tusidanganyane, mkwaruzo wa mfukoni si kosa la kiwandani. Na kama tunapenda kitu cha pekee, mbona tunabishania bei Tabaka, Kisii, ambako kila kiboko wa jiwe la sabuni huchongwa kwa mkono? Sokoni Keroka, simba aliyepinda bado ni ashu tu.