Kijana Asiyeulizwa: Yusuf katika Peponi

Tangu Abdulrazak Gurnah apewe Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na hasa tangu riwaya yake ya Paradise (1994) itoke kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, nimekuwa nikisikia lalamiko lilelile kutoka kwa wasomaji: huyu Yusuf mbona kazubaa hivi? Anachukuliwa, anapelekwa, anaachwa, anarudishwa, na yeye kimya tu. Riwaya nzuri, wanasema, lakini mhusika mkuu amepoa mno. Mimi naona lalamiko hilo limegusa jambo la kweli, kisha likalisoma vibaya. Kimya cha Yusuf ndicho kiini cha riwaya yenyewe.

Tuanze na hali yake. Yusuf ana miaka 12, anaishi Kawa, mji mdogo katika Tanganyika ya Wajerumani. Baba yake ana hoteli isiyolipa. Nyumbani kwao huja tajiri Aziz, na kila akiondoka humwachia mtoto sarafu ya anna kumi. Siku moja anaondoka na mtoto mwenyewe. Yusuf anadhani anakwenda kutembea kwa ami yake. Kufika pwani, Khalil, kijana aliyemzidi umri kidogo na anayeendesha duka la Aziz, anampasulia ukweli: yule si ami yako, wewe umewekwa rehani kwa deni la baba yako, na tangu leo utamwita Seyyid.

Angalia kinachochukuliwa hapo. Kabla ya jasho lake, Yusuf ananyang'anywa neno la ukoo. Sisi mtu tunamjua kwa wake: mtoto wa nani, ndugu wa nani, ami yake nani. Ukimwondolea maneno hayo, hata salamu yake inakuwa ngumu. Na Gurnah hapigi kelele za utumwa. Hakuna minyororo kwenye baraza la duka lile. Kuna daftari la deni tu, basi.

Khalil anampa jina la utani: kifa urongo. Msomaji wa Kiswahili hapa ana bahati kumshinda msomaji wa Kiingereza, maana tunaujua mmea ule. Ukiugusa unajikunja kama umekufa, ukiondoka, unafunguka. Kwa hiyo jina lenyewe linatuonya tusiharakishe kusema kijana huyu ni mfu. Amejikunja. Swali ni kama atapata nafasi ya kufunguka.

Nafasi haiji kwa urahisi, kwa sababu Yusuf ni mtu wa kutazamwa, si wa kusikilizwa. Kila mtu anausema uzuri wake. Ma Ajuza anamwita mume wake mbele za watu. Bibi Zulekha, mke wa Aziz mwenye jeraha usoni, anamtazama kutoka ndani ya nyumba na kuamini dua yake itamponya. Lakini bibi huyo anasema Kiarabu, Yusuf hakijui, na maneno yao lazima yapite kwa Khalil, baadaye kwa Amina. Safarini bara, mbele ya Chatu, pia kuna mkalimani. Yaani hata pale kijana anapofungua kinywa, neno lake hufika likiwa limeshapita kinywani kwa mtu mwingine.

Kwangu mimi sehemu iliyo nzito kuliko zote ni ile ya nyumbani kwa Hamid Suleiman, katika mwezi wa Ramadhani, inapogundulika kwamba Yusuf hawezi kusoma Kurani. Ni Mwislamu kwa jina, kwa kuzaliwa, kwa funga yake. Lakini hajafundishwa. Hamid anapigwa na butwaa, na kijana mkubwa anapelekwa chuoni kukaa na watoto wadogo. Gurnah hafanyi mzaha na aibu hiyo, wala hamhukumu kijana. Anatuachia swali: hivi ni nani aliyepaswa kumfundisha? Wazazi waliomtoa? Aziz, mcha Mungu anayenukia manukato, aliyeona mkono wa kazi na hakuona mwanafunzi?

Kando ya hapo yupo Kalasinga, fundi wa Kisingasinga, anayetamba kwamba ataitafsiri Kurani kwa Kiswahili. Wenzake wanamcheka. Lakini mzaha huo una ukweli wa kihistoria ndani yake. Tafsiri ya kwanza ya Kurani kwa Kiswahili kuchapishwa, mwaka 1923, ilikuwa ya Godfrey Dale, mmisionari wa Kikristo. Ile ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ilikamilika mwaka 1969. Si Yusuf peke yake, basi, aliyetanguliwa na wageni katika kuyasema yaliyo yake.

Sasa tufike kwenye kanzu. Kila aliyesoma chuoni anajua kisa cha Nabii Yusuf: mke wa mkubwa anamtaka, anakimbia, kanzu inachanika kwa nyuma, na mpasuko huo unakuwa shahidi wake. Gurnah anakichukua kisa hicho wazi kabisa, hata jina la Zulekha hakulificha. Yusuf wake naye anakimbia, nguo inachanika kwa nyuma, naye anaitaja kama ushahidi. Khalil anamcheka. Nani atakayekuuliza? Nyuma au mbele, nani anajali?

Hapo ndipo nilipouona mshipa wa riwaya hii. Yusuf wa Kurani anaulizwa. Wafungwa wanamletea ndoto zao, mfalme anamtaka tafsiri, na anapoitwa atoke gerezani anakataa kwanza mpaka kesi yake isafishwe. Sauti yake ina soko. Yusuf wa Gurnah anaota vilevile, ndoto za kutisha zenye mbwa ndani yake, lakini hakuna anayemwomba tafsiri. Tunapenda kumwambia kijana atafute sauti yake kana kwamba imepotea chini ya kitanda. Gurnah anasema sauti inahitaji pia sikio.

Lakini hatuachi na huruma tu. Anaweka wawili wanaoonyesha kwamba palikuwa na njia nyingine. Mzee Hamdani, mtunza bustani, hasemi sana, lakini alipopewa uhuru kama zawadi aliikataa: ni nani aliyewaambia kuwa uhuru huo ni wao kuutoa? Kimya chake kina msimamo. Na Amina, aliyeolewa na Aziz kwa deni, anaieleza jehanamu yake bila kumumunya maneno. Kama nina ugomvi na riwaya hii ni hapa: sauti iliyo wazi kuliko zote inapewa kurasa chache, kisha inabaki nyuma ya mlango wa bustani.

Maana mwisho Yusuf anakimbia. Askari wa Wajerumani wanapita wakikamata watu, yeye na Khalil wanajificha, na msafara ukishaondoka anaufuata kwa mbio. Wapo wanaosema hapo amejipata, ameamua mwenyewe kwa mara ya kwanza. Sikubaliani nao. Ni uamuzi, ndiyo. Lakini mtu anayekimbia kutoka kwa tajiri kwenda kwa jeshi la mkoloni amebadilisha bwana, na bwana mpya ana bunduki.

Ukitaka kujua gharama yake, endelea na Afterlives (2020). Hamza wa humo, ambaye ni vigumu kutomwona kama Yusuf aliyekua, anatoka jeshini na mguu mbovu na Kijerumani alichofundishwa na afisa. Kisha anakaa, anatafsiri mistari ya Schiller kwa Kiswahili, anampa Afiya. Ni karatasi ndogo tu. Lakini safari hii mkalimani ni yeye mwenyewe, na yupo mtu mmoja anayeisubiri.