Mchungaji Kati ya Wenye Hatia: Tahakiki ya Makala ya Henry Gerecke

Tarehe 1 Septemba 1951 jarida la Saturday Evening Post la Marekani lilichapisha makala ya Mchungaji Henry Gerecke, Mlutheri wa Sinodi ya Missouri, kuhusu huduma yake katika gereza la Nuremberg, Ujerumani, kati ya 1945 na 1946. Twayarejea makala hayo kwa sababu yanaibua swali ambalo mara nyingi twalipita upesi: amtembeleaye mwenye hatia humpelekea nini?

Kabla ya vita Gerecke alikuwa amewahudumia wafungwa na wagonjwa mjini St. Louis, tena alijua Kijerumani. Aliruhusiwa kuukataa wito huo na kurudi kwa mkewe, lakini akaupokea kwa hiari. Alikabidhiwa washtakiwa 15, wakiwamo Göring, Keitel na Sauckel. 6 walihudumiwa na padre Mkatoliki, Sixtus O'Connor. Gerecke asimulia jinsi alivyoingia katika kila chumba na kumpa mfungwa mkono, jambo ambalo baadaye wengi walimlaumu kwalo.

Sisi hatumlaumu. Katika Mathayo 25:36 Kiyunani chatumia kitenzi kimoja kwa mgonjwa, yaani kumwangalia, na kingine kwa mfungwa, yaani kumjia. Tena Bwana hasemi kwamba mfungwa huyo hana hatia. Kumpa mtu mkono si kumwondolea hukumu, ni kumjia.

Jambo zito zaidi ni la usiku wa tarehe 15 Oktoba 1946. Göring aliomba Chakula cha Bwana huku akikataa kumkiri Kristo kuwa Mwokozi wake. Gerecke akamnyima. Usiku huo huo Göring alijiua kwa sumu. Wenzake 10 wakanyongwa tarehe 16. Wako wasemao kwamba mchungaji alikuwa mkali mno. Lakini Katekisimo Ndogo yafundisha kwamba astahiliye ni yule aiaminiye ahadi ya ondoleo la dhambi. Göring aliitaka ibada, akaikataa ahadi. Hapo Gerecke alikuwa mwaminifu.

Udhaifu wa makala uko kwingine. Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 12, lasema kwamba toba ni majuto na imani, na kwamba matunda mema hayana budi kufuata. Gerecke aeleza kwa kirefu jinsi Sauckel alivyopiga magoti akiomba rehema. Lakini mamilioni ya watu ambao Sauckel aliwafanyisha kazi kwa nguvu hatuwasikii. Twakiri kwamba anayengoja kitanzi hana muda wa kuzaa matunda, na kwamba siri ya maungamo humfunga mchungaji. Hata hivyo, siri hiyo haikumzuia mwandishi kuwakumbuka waliodhulumiwa. Msamaha wa Mungu haupungui tukiwataja. Tusipowataja, msomaji aweza kudhani kwamba neema ni jambo la mfungwa na mchungaji wake tu.

Kosa hili humnyemelea hasa mhudumu aliyetoka nchi nyingine. Machozi ya mfungwa huyaona. Mjane aliyeachwa na kosa lake hamjui, wala hapiti mlangoni pake. Kwa hiyo twapendekeza makala haya yasomwe na kila mwanafunzi ajiandaaye kwa huduma ya magereza, lakini yasomwe sambamba na ushahidi uliotolewa mbele ya mahakama ya Nuremberg. Apelekaye neno la msamaha gerezani hana budi kujua pia ni nani waliolia nje ya kuta zake.